Macho ya Manjano

Kwa miaka mingi nimekana kwamba naamini chira. Nina shahada, nina miwani, na nina maoni kuhusu mambo nisiyoyajua; ningeaminije kwamba mzazi akikiuka mila mwanawe hukonda hadi kufa? Leo nakiri: niliamini, kwa asubuhi moja, sebuleni kwangu Migori. Nakiri kwa kuwa wiki hii nimepata habari kwamba muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Muhuru Bay, ambaye nilikuwa mteja wake, amefariki.

Alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa na ndugu wa marehemu mumewe. Kisha binti yake mdogo akashikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria. Macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka, ngozi ya vidole ikabambuka. Tulipoona macho yamegeuka manjano na tumbo limevimba upande wa ini, ukoo haukuhitaji maabara. Ni chira.

“Acha ukaidi, shemeji,” yule ndugu alimwambia sokoni mbele ya watu. “Mtoto anaumwa kwa sababu ya kichwa chako kigumu.”

“Na wewe ni dawa gani, shemeji? Ya kumeza au ya kupaka?”

Soko zima lilicheka. Lakini mtoto alipolazwa Homa Bay, na daktari akapeleka damu yake kupimwa Kisumu, mama yake alikuja kwangu kungoja majibu, maana nilikuwa na simu. Dada wa mama huyo alibaki wodini na mtoto. Shemeji alimfuata mama hadi kwangu, akaketi mkabala naye, kofia magotini. Hakuna aliyetania.

“Mwalimu, wewe umesoma,” mama akaniuliza. “Nikikubali kurithiwa, atapona?”

Nimeandika mengi kuhusu haki za wajane. Asubuhi ile niliyaona akilini tu yale macho ya manjano ya mtoto, na nikafungua kinywa nimwambie akubali. Hilo ndilo linalonijia kila ninaposikia harufu ya omena. Ugonjwa tusioujua tunautafutia mkosaji upesi, na mara nyingi tunaishia mlangoni kwa mwanamke asiye na mume. Elimu yangu haikunizuia kusimama kwenye foleni hiyo. Afadhali kusema “sijui” na kuketi na mwenye uchungu. Sikulijua neno hilo siku ile.

Simu ikalia kabla sijatamka.

“Si homa ya ini ya kuambukiza,” daktari akasema. “Mishipa yake ya damu imevimba, na ini limeathirika pamoja nayo. Huwapata watoto, hakuna aliyemsababishia. Tumeanza dawa, na leo homa imeshuka.”

Nikarudia kila neno kwa sauti. Mama akalia, kisha akaninyang’anya mkonga wa simu, akamkabidhi shemeji. “Sikia mwenyewe.”

Shemeji akasimama kuipokea. “Eeh, daktari. Eeh.” Akatugeuzia mgongo. “Na daktari… anaruhusiwa kula samaki? Nimletee?”