Mlango wa Kijani

Ofisini walimwita Fundi Hadithi. Alipewa hadi saa kumi jioni aeleze kwa nini adui wa gemu lao huchoma nyumba. La sivyo, kazi hana. Wachezaji walishalalamika: “Anachoma tu! Ana kisasi au ana mshahara?”

Akamwita dada yake acheze, maana jicho geni huona. Adui alipita milango kumi na mmoja, akasimama kwenye ule wa kijani.

“Mdogo wangu,” dada akanong'ona, “mtaa huu si wetu? Mbona anaanza na kwa baba?”

Fundi alikuwa ameuchora mtaa ule kwa mazoea tu. Sasa sababu aliijua: kisasi kile kilikuwa chake mwenyewe, dhidi ya baba, tangu utotoni. Kwenye skrini adui aligeuka, akamtazama Fundi, na hakuna aliyempangia ageuke.

Bosi akaingia. “Haya, sababu umeipata?”

“Sijaipata,” alisema, akaanza kukusanya vitu vyake.