Friza Iliyovishwa Mikeka

Kalolaine alitoza pa'anga kumi kwa kuja kutazama tu, na kumi hizo hazikurudi hata kama jibu lake lilikuwa "tupa." Hapo ndipo watu wa kwao Pangai walipomwona mkorofi. Kumlipa fundi akutengenezee, sawa. Lakini kumlipa mtu aje mpaka nyumbani kwako akwambie friji yako ni maiti, huo si wizi wa mchana kweupe?

"Wizi ni kukutengenezea maiti," Kalo alikuwa akiwajibu, huku akifungasha bisibisi zake. "Mimi nakuuzia ukweli kwa kumi. Nenda kwa mwingine akuuzie uongo kwa mia tatu."

Walikwenda kwa mwingine, wakarudi. Siku hizi hakuna nyumba kisiwani Lifuka isiyomjua. Kazi aliisomea Auckland, kwenye ghala la kugandishia samaki, ambako alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume waliodhani kaja kufagia. Alirudi nyumbani mama yake alipougua, akanunua kontena kuukuu kando ya njia ya gatini, akaandika jina lake mlangoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za duka la jirani. Akiambiwa kazi hii ni ya wanaume, humwomba anayesema hivyo amshikie upande wa pili wa friza, wainue pamoja, aone nani atatangulia kuomba wapumzike.

Alikuwa na kanuni yake, na aliiita nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya bei: ukarabati ukimeza nusu ya bei ya kitu kipya, simama ufikiri. Nusu ya pili ni ya umri: kitu kikishapita nusu ya maisha yake, simama ufikiri tena. Ukisimama mara moja, tengeneza. Ukisimama mara mbili, tupa, usiangalie nyuma. Na umri wa huku si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya dukani, maana walioandika hawajawahi kuishi hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Friza wanayosema itaishi miaka kumi na tano, hapa mshukuru Mungu ikikupa kumi.

Kwa kanuni hiyo aliwaokoa wengi na ujinga wao wenyewe. Mwalimu mmoja alikuwa tayari kuagiza friji mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikilia machozi kutwa kucha. Kalo alibadilisha mpira wa mlango kwa pa'anga thelathini, machozi yakakauka. Mke wa mchungaji alishaiombea mashine yake ya kufulia. Ndani ya pampu mlikuwa na sarafu za sadaka na kifungo cha joho. Lakini bwana mmoja wa kijiji cha Koulo, aliyetaka kuweka kompresa mpya kwenye friji iliyokwishaliwa na kutu mpaka mgongoni, Kalo alimwambia papo hapo, mbele ya wakwe zake, kwamba anataka kumvisha marehemu viatu vipya.

Basi Jumanne moja, Mosese akaja kontenani. Mosese alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi na redio, na akibanwa sana, fundi wa chochote.

"Dada Kalo, nipe ile relei."

"Ile ipi?"

"Ile ya kuamshia kompresa. Kama ya juzi."

"Ya juzi nilikupa. Ya Pasaka nikakupa. We Mosese, unazila hizi?"

"Za mteja bwana."

"Mteja gani?"

"Mteja tu." Mosese alitazama dari, akatazama vidole vya miguu yake. "Dada, usinibane. Nimeapishwa."

Kalo aliigeuza relei mkononi, safari hii akiitazama vizuri. Kisiwa kizima kilikuwa na friza moja tu inayoingia relei ya namna ile, na friza hiyo aliileta yeye mwenyewe kutoka Auckland, miaka tisa iliyopita, kwa harusi ya Feleti, mtoto wa marehemu kaka yake. Aliilipia kwa zamu za usiku. Siku iliposhushwa melini, watu walisimama gatini kuitazama, na mpaka leo lilikuwa jambo aliloliona kubwa kuliko yote aliyowahi kumfanyia mtu. Alichukua mkoba wake, akafunga kontena, akamwacha Mosese amesimama juani.

Alimkuta Sulieti, mke wa Feleti, uani, akipara samaki. Sulieti ndiye aliyekuwa na biashara: kila Ijumaa samaki wake waliogandishwa walipanda meli kwenda kwa mama mmoja mwenye mgahawa mji mkuu, Nuku'alofa, na kwa samaki hao watoto wanne walikula na kusoma. Alipouona mkoba wa zana, kisu kilimtoka mkononi.

"Karibu shangazi! Kaa, kaa nikukatie dafu."

"Sikuja kunywa. Nionyeshe friza."

"Friza nzima, shangazi! Inagandisha mpaka tunaiogopa. Kila siku tunamshukuru Mungu na wewe."

"Mungu nitamsalimia. Nipishe."

Friza ilikuwa sebuleni, mahali pa heshima, imevaa kuliko bibi harusi. Ubavuni ilizungushiwa mkeka mzuri, ule mwembamba ambao Sulieti aliusuka mwaka mzima pamoja na wanawake wenzake. Juu ya huo ukaja wa pili, na wa tatu, kisha kitambaa cha gome kilichopigwa michoro, maua ya plastiki, na picha ya Kalo mwenyewe ndani ya fremu. Kila Krismasi walikuwa wakiongeza kitu. Kila Krismasi Kalo alikuja, akaiona, na moyo ukamjaa.

Alipitisha mkono chini ya mkeka. Ubavu wa friza ulikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Kompresa ilijaribu kuamka, ikanguruma kidogo, ikakata. Akafungua mfuniko. Samaki wa juu walikuwa wameanza kulegea.

"Tangu lini?"

Sulieti alianza kulia. Feleti alikuwa ameingia, akasimama kizingitini, macho chini, kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

"Tangu kabla ya Pasaka, shangazi," alisema. "Mosese katengeneza mara mbili. Mzigo umeharibika mara mbili. Yule mama wa mgahawa kasema Ijumaa hii samaki wakifika laini tena, anatafuta mtu mwingine."

"Na mimi niko wapi? Nimekufa? Kontena langu si lile pale?"

"Nani angemwambia shangazi yake kwamba zawadi aliyoitoa imeoza?" Feleti alijibu, polepole sana. "Wewe ungeweza kumwambia wa kwako?"

Shangazi yake Kalo mwenyewe aliwahi kumpa saa isiyotembea, naye aliivaa miaka sita. Lakini ilimuuma, tena ilimuuma sana. Kisiwa kizima humletea mabaya yake, hata mchungaji, na damu yake yenyewe inamlipa Mosese kwa siri ili asijue.

Halafu akaitazama tena ile mikeka, na hasira ikakosa pa kukaa. Friza za aina ile hutolea joto ubavuni. Mtu akiisogeza ukutani kupita kiasi, Kalo humsuta mpaka majirani wasikie. Na hii, iliyofunikwa blanketi juu ya blanketi kwa ajili yake, ikapumulia humo miaka tisa, yeye fundi aliitazama kila Krismasi na kutabasamu. Wao walikuwa wakimheshimu, na yeye akipenda kuheshimiwa, na kwa pamoja wameiua.

"Vueni," alisema. "Yote. Na hiyo picha yangu."

Chini ya mikeka bati lilikuwa limechimbwa na kutu. Alipiga magoti, akapima, akanusa. Harufu ya kompresa iliyoungua haihitaji vipimo. Walimsubiri. Alijua hesabu kabla hajasimama: kompresa, gesi na kazi, mia nane. Mpya kutoka Nuku'alofa pamoja na nauli ya meli, elfu moja na mia tatu. Umri, miaka tisa. Nusu mbili, wala hakuna cha kubishania. Neno lile alishawaambia watu bila kupepesa, wengine wakilia mbele yake. Sasa aliifuta mikono yake mara mbili kwanza.

"Tupa," alisema.

"Hatuwezi, shangazi," Feleti alisema. "Ni yako."

"Ndiyo maana. Ni yangu, na mimi nimesema. Sasa acheni kulia, samaki wanayeyuka."

Kontenani kulikuwa na friza ya mchungaji, imetengenezwa, inasubiri kuchukuliwa. Kufikia jioni ilikuwa imejaa samaki wa Sulieti mpaka mfuniko ukakaliwa ili ufungike. Mchungaji alipokuja Alhamisi, Kalo alimwambia bado anaijaribu, na katika hilo hakusema uongo. Ijumaa samaki walipanda meli wakiwa wagumu kama mawe.

Ila siku ile ya Jumanne, kabla hajatoka sebuleni, Kalo aliuliza, "Kwenye msiba wetu, mikeka huenda kwa nani?"

Mume na mke walitazamana.

"Kwa shangazi," Feleti alisema.

"Na hapa kuna maiti au hakuna?"

"Ipo."

"Basi nikunjieni."

Wakamkunjia. Sulieti alikunja ule mwembamba mwisho, akaupapasa mara moja, akautoa kwa mikono miwili bila kunung'unika, kwa sababu shangazi akitaka hakuna wa kuuliza. Kijijini hawakunyamaza hivyo. Walisema Kalo kawapokonya wenye shida. Friza kaiua, na sanda kaichukua. Maneno yalimfikia, akayaacha yapite, kwa kuwa alikuwa na simu ya kupiga Auckland.

Baada ya majuma mawili meli ilishusha friza mpya, nyeupe, na Kalo akaisimamia mwenyewe ikishushwa. Aliiweka kwenye veranda ya nyuma kwa Sulieti, kwenye kivuli, mbali na ukuta, juu ya matofali. Sulieti alikuwa amesimama na ngatu mpya, kile kitambaa cha gome, mikononi, tayari kuivisha.

"Ukithubutu!" Kalo alisema. "Rudisha kabatini."

"Lakini shangazi, zawadi yako tena, tutaiacha uchi?"

"Si zawadi yangu. Ule mkeka wako mwembamba, kuna watu wetu Auckland wanamwoza binti yao, na harusi bila mkeka wa namna hiyo si harusi; wameununua. Friza imetoka humo, nauli imetoka humo, na chenji hii hapa, shika. Hiyo mingine miwili nimebaki nayo, ndiyo ya msiba. Hii umeinunua kwa vidole vyako. Mimi sina hata msumari wangu humo."

Sulieti aliitazama friza, kisha akavitazama vidole vyake. Machozi yalimtoka tena, na safari hii hakuyaficha.

"Na ngoja," Kalo aliongeza. "Siku ile nilikuja kutazama. Nidai niache? Toa kumi."

Feleti alicheka mpaka akashika nguzo. Alitoa kumi.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, Kalo alikuwa amelala chali chini ya friji ya mtu, taa mdomoni, mlango wa kontena ulipogongwa kwa kiganja, kwa nguvu, kama wagongavyo wateja wenye hasira. Aliona miguu tu, na magamba ya samaki juu ya kandambili.

"Shangazi! We shangazi! Ile friza yangu inatetemeka kama ina homa. Yale matofali umeyapanga vibaya. Toka huko uje uyatazame, tena kumi silipi, kosa ni lako!"

Kalo aliitoa taa mdomoni. Alibaki palepale chali kidogo, kwenye vumbi na mafuta, akicheka peke yake kwa furaha. Kisha akajivuta nje, akatafuta mkoba wake.

"Nakuja," alisema. "Tangulia, mwanangu. Nakuja."