Mbegu Zilizoombewa

Mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu zina harufu yake, kavu, inayokwaruza koo kidogo. Kwetu Ngungu, kusini mwa Masisi, harufu hiyo ilijaa kanisani kila msimu wa kupanda ulipokaribia. Kila mama alileta mbegu zake zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka mbele, na mchungaji akaziombea. Zikishaombewa hazikuliwa tena. Hata njaa ibishe hodi, zilikuwa za udongo tu, na mtoto aliyezidokoa alichapwa na shangazi yeyote aliyekuwa karibu.

Mwaka ule ziliombewa, lakini hatukuzipanda. Milio ya bunduki ilishuka mlima kwa mlima, kila siku karibu zaidi, mpaka asubuhi moja tukaona moshi kwa jirani, na mbwa wake hawakubweka. Papa, baba yetu, alitutanguliza. Alisema anafungulia mbuzi, atatukuta njiani. Mama alimbeba Baraka, mdogo wangu, mgongoni, na mbegu kichwani. Mimi nikabeba sufuria. Tulitembea hadi Ntoto, katika misitu ya Walikale, na kila mlio wa nyayo nyuma yetu nilidhani ni wa Papa.

Mama Vumilia, mwenyeji wetu, alitupa kona ya jiko lake na kipande cha shamba. Kabla hatujapiga jembe, watu wenye silaha wakaweka kambi upande ule ule. Wanawake waliokwenda kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, walirudi mikono mitupu, hawataki kusema kitu. Shamba likawa la kutazamwa kwa mbali. Tukabaki na mbegu zisizo na udongo, na Baraka akaanza kuvimba miguu.

Mama akaacha kuomba. Si kwa hasira, alichoka tu. Jioni wenzake wakisali, yeye alitazama moto.

"Mama Neema," Mama Vumilia alimwita kwa jina langu, "omba hata kidogo tu."

"Maneno imeniishia, dada."

Niliogopa jibu lile kuliko bunduki. Papa hajafika, nikawaza, na sasa Mungu naye anaachwa njiani.

Siku Baraka aliposhindwa kusimama, Mama alifungua kitambaa. Akapepeta majivu, akaosha mbegu, akazitia kwenye sufuria. Mama Vumilia akamshika mkono.

"Hizi haziko za Mungu?"

"Njo maana," Mama akasema, yaani ndiyo maana hasa.

Zilipoiva, aliweka kiganja juu ya tumbo la Baraka, kisha langu, akasema ombi lile lile la Ngungu: Bwana, sisi tumepanda, nguvu ya kuotesha hatuna, otesha wewe. Alilia. Kisha akatupakulia. Hakuwa ameziosha vizuri, nilitafuna majivu.

Baraka sasa ana watoto wake. Papa hatujamwona hadi leo. Mimi nimerudi kulima Ngungu, na Jumapili iliyopita nilipeleka mbegu kanisani. Mabenchi mengi yalikuwa matupu, na mchungaji aliomba harakaharaka, sikio lake likiwa mlimani. Utotoni nilidhani mwenye imani hachoki. Nimechoka, nasema wazi, na bado naomba. Leo asubuhi mbwa wa jirani hawakubweka. Nimefunga mbegu kwenye kitambaa, nikamwita binti yangu, nikamfundisha ombi lile neno kwa neno. Halafu nikampa sufuria abebe.