Nilivyong'oa Pointi za Gari la Baba

Baba aliendesha lori la mbao kwa miaka mingi, kutoka Elburgon kushuka Nakuru, na alipostaafu alibaki na gari moja tu la kuendesha: saluni yake ya rangi ya maziwa, aliyoinunua kabla sijazaliwa. Watu wa kwetu Rongai hulijua kwa sauti. Mimi nililijua kwa msasa.

Gari hilo lilikuwa na pointi, yaani vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Vikiungua kidogo tu, gari linakohoa, halafu linazima. Basi Baba husimama kando ya barabara, hufungua boneti, hunyoosha mkono bila kugeuka, na aliye karibu anatakiwa amwekee kipande cha msasa kiganjani, kama nesi anayempa daktari kisu. Utotoni nesi nilikuwa mimi. Nimepiga pointi msasa nikiwa nimevaa gauni la Krismasi.

Nilipokua nilifungua kibanda cha kutengeneza simu pale Free Area mjini Nakuru, na siku moja nikasoma kwenye mtandao kwamba kuna kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya pointi. Kinakaa ndani ya distributa ileile, hakigusani na kitu, hakitaki msasa. Nikakiagiza.

"Kina waya mbili tu," nikamwambia Baba.

"Hata bomu lina waya mbili," akasema.

Alikubali kwa sababu ya Mama. Binti wa shangazi alikuwa anachumbiwa kule Elburgon, na Baba, akiwa mjomba wake, ndiye aliyetakiwa kuwapokea wageni. Mama alisema wazi kwamba hatakubali tena kushuka garini mbele za watu akiwa na mwanamume mwenye grisi hadi kwenye viwiko.

Siku ya kuamkia sherehe tulifungua boneti uani kwao Rongai. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, nikatandaza turubai juu ya injini na mgongo wangu. Baba alikataa kulowa. Aliketi kwenye usukani na ufunguo wake, akawasha waipa, akawa ananitazama kupitia kioo kama mzazi anayetazama mtoto wake akidungwa sindano.

Nilimwambia azime swichi, nikang'oa pointi nikampitishia dirishani. Alizifunga kwenye leso, akazitia mfuko wa koti. Kifaa kikaingia vizuri. Waya nyeusi niliijua inakokwenda: kwenye koili, ile inayozidisha moto wa plagi. Nyekundu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ilihitaji nguvu yote ya betri, na waya ya zamani ya koili ilileta nguvu iliyopunguzwa. Nikachukua taa ya kupimia nikaanza kutafuta waya nyingine. Nyuma ya injini nikapata moja ya kijani.

"Washa swichi!" nikapaza sauti. Taa ikawaka.

"Zima!" Ikazima.

Nikaunga hapo, nikazungusha tepu, nikajiona injinia.

"Piga stata!"

Injini ilishika papo hapo. Baba alishuka kwenye mvua bila kofia, akasimama akisikiliza.

"Haikohoi," akasema, kama mtu anayelalamika.

Kesho yake tuliondoka mvua ikinyesha. Mama alikaa nyuma na kitambaa chake kizuri cha kichwa, mimi mbele. Gari lilipanda kama lililopunguziwa miaka. Tulipopita Njoro mvua ikakatika, jua likatoka, ngano pande zote ikang'aa. Gari likazima.

Tukaserereka hadi pembeni. Nikafungua boneti, nikavuta kila waya: zote zimekaza. Manyunyu yakaanza tena, nikakimbilia ndani. Baba akawasha waipa, akapiga stata kwa kujaribu tu, na gari likawaka.

"Ilikuwa inapumzika," akasema.

Hatukufika mbali. Mvua ikaisha, gari likazima tena.

"Hii kitu yako inataka mvua," Baba akasema. "Imetoka kwa wazungu, imezoea baridi."

"Basi tushukuru tunaenda Elburgon," Mama akasema. "Huko haikosekani."

Baba hakucheka. Alitoa leso mfukoni, akaifungua, akaziweka zile pointi juu ya dashibodi mbele yangu.

Nilitazama pembeni kwa aibu, na ndipo nikaona waipa. Zilikuwa zimesimama katikati ya kioo.

"Baba, umegusa nini kabla gari halijazima?"

"Sijagusa kitu. Nimezima waipa tu. Si mvua imeisha?"

"Na ile mara ya kwanza?"

Akatazama swichi ya waipa.

"Washa waipa," nikasema.

"Na hii jua?"

"Washa tu, Baba. Piga stata."

Gari likawaka.

"Sasa zima waipa."

Likazima.

Kutoka nyuma Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka kitambaa kikamteremka machoni. Ile waya ya kijani ilikuwa ya mota ya waipa. Jana taa yangu iliwaka kwa sababu Baba alikuwa amewasha waipa ili anichunge vizuri.

Nilitaka kurekebisha palepale, lakini shangazi akapiga simu: wageni wako getini, mjomba yuko wapi?

"Hakuna mtu anafungua boneti," Mama akasema. "Twende hivyo hivyo."

Tukaingia Elburgon kwenye jua kali, mpira mkavu ukisugua kioo, kwii, kwii. Mwendesha bodaboda akatufikia akipungia kidole huku na huku: "Mzee! Waipa!" Baba akamwinulia mkono kama mgeni wa heshima. Tukapita katikati ya wakwe waliovaa suti, kwii, kwii, hadi mlangoni.

"Kaka, mbona waipa?" shangazi akauliza.

"Vumbi la mbao," Baba akamjibu bila kutabasamu. "Mji huu umezidi."

Mzee mmoja wa upande wa pili akatazama mbingu, akatazama kioo, akatikisa kichwa. "Ni kweli kabisa," akasema. "Hata gari yangu."

Baba alizungumza vizuri siku hiyo, na uchumba ukapita. Baada ya chakula nilihamishia waya nyekundu kwenye fyuzi inayopata moto kila swichi ikiwashwa, waipa zifanye kazi au zilale. Safari hii nilimsimamisha Baba nje ya gari, mikono yake nikiiona. Turubai halikuhitajika.

Tangu hapo gari halijatuzimia. Lakini juzi Baba alinipigia simu nikiwa kibandani.

"Niko huku juu ya Njoro. Nimesimama."

Nikaweka chini simu ya mteja. "Imeharibika?"

"Hapana, iko sawa. Nimefungua tu boneti." Nyuma yake nilisikia watu wakiongea na mtu akicheka. "Unajua ukiifungua, watu wanasimama. Kuna mwingine hapa aliendesha lori Elburgon kama mimi. Ngoja, nitakupigia."

Hakunipigia hadi jioni.