Pipa Hili Lilikuwa la Nini?

Nakumbuka siku moja kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Harufu ya magunzi ya mahindi yakitoa moshi ikinipata mahali popote, hata leo na mvi zangu, narudi palepale: uwanja wa baba yangu karibu na Kibabii, pipa la bluu limesimama, wageni wamekaa, na mkono wa mzee mmoja unapeleka nyama mdomoni.

Mwanangu, nakuambia haya kwa sababu naona siku hizi kila kijana wa Kitale anataka pipa la kukausha nyama kwa moshi. Mnatazama kwa simu, halafu mnakuja kwa karakana yangu: "Niaje mzee, nitengenezee hiyo kitu." Nawatengenezea. Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini milango ya chuma ya nusu ya maduka ya Kiminini imepita mikononi mwangu. Kwa hivyo ukiniona nasema kwa ukali, jua sisemi ya kusikia. Nasema yaliyoniunguza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Aliyenifunza kazi ya chuma ni Mzee Kamau, ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutafuta shamba, yeye akapata nyundo. Alikuwa mtu wa maneno machache na sheria moja. Kila pipa likiingia karakana yake Kitale, liwe la kutengeneza jiko ama la kuwekea ng'ombe maji, aliliinamia, akalinusa, akauliza, "Hili lilikuwa la nini?" Usipojua, linarudi ulikolitoa. Sisi vijana tulimcheka. "Mzee anauliza pipa kabila lake," tulisema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wazo la kufungia moshi ndani ya pipa sikulipata kwa mtu. Nyanya yangu alikuwa akitundika nyama juu ya meko siku nyingi, akilisha moto magunzi, mpaka nyama inakuwa nyeusi nje na nyekundu ndani, tamu ya kukusahaulisha jina lako. Nikafikiri: moshi huu ukifungiwa ndani ya chuma, kazi ya wiki itaisha kwa nusu siku. Na nilifikiri vizuri. Kichwa changu hakikuwa na shida. Shida ilikuwa kifua, kilikuwa kimefura.

Wakati huo nilikuwa nimempata msichana, Nekesa, wa upande wa Kiminini. Wazee wa kwao wakapanga kuja nyumbani kwetu kuangalia ng'ombe wa mahari. Unajua mgeni wa namna hiyo halishwi ovyo. Akirudi kwao, kabla hajataja pembe za ng'ombe, atataja alichokula. Mama akasema atachinja kuku, kama desturi inavyotaka. Mimi nikasema hapana, kuku kila mtu anachinja. Hawa watakula nyama ya pipa, kazi ya mkono wangu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na mapipa mawili ya mafuta ya kupikia, lakini yalikuwa yamebonyea, na juu yamezibwa. Ukiyakata kwa patasi, mfuniko haukai sawa na moshi unatoroka. Basi nikaenda kwa shamba moja kubwa la mbegu, mlinzi akanionyesha pipa lao kuukuu. Bana! Chuma kizito, halina hata alama ya kugongwa, na mfuniko wake wenyewe, na mkanda wa kuukaza. Ubavuni kulikuwa na mstari mwekundu na picha ya fuvu la kichwa. Lilikuwa limebeba dawa ya unga, ile wanayopaka mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu ardhini.

"Hili ni la kutupia takataka tu," mlinzi akaniambia. "Usiweke hata maji ya kuku."

Nikasema ndiyo, nikalibeba.

Nililiosha kwa majivu na sabuni mara tatu. Nikachoma majani makavu ndani kidogo. Nikanusa, nikajiambia limetakata. Lakini nisikilize, mwanangu. Kama niliamini limetakata, kwa nini nilikwangua lile fuvu kwa brashi ya waya? Kwa nini nilipaka rangi ya bluu, nikarudia tena? Mkono ulijua kile ambacho mdomo ulikataa kusema.

Halafu nikalijenga, na hapa nitajisifu kwa sababu ni haki yangu. Matundu matatu chini ya kuingiza hewa, kila moja na kizibo chake, ili moto uutawale wewe, usikutawale. Kikapu cha chuma cha makaa, kimesimama kwa miguu kisiguse sakafu ya pipa. Nyavu mbili, mmoja juu ya mwingine. Bomba fupi la moshi kwenye mfuniko. Mzee Kamau akaja, akalizunguka, akajaribu vizibo kwa kidole.

"Kazi safi," akasema. Neno hilo nililingoja miaka minne. "Lilikuwa la nini?"

"La mafuta ya kupikia, mzee."

Aliinama akanusa, lakini rangi mbichi ilikuwa imefunika kila kitu. Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema, akarudi kwa kazi yake. Hilo "sawa" lilinipita kama upepo. Siku hizi ndilo linaniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Nikalipeleka kwa baba juu ya lori, na siku ya wageni ikafika. Niliwasha moto alfajiri, nikaweka mguu mzima wa mbuzi na mbavu, nikatupia magunzi juu ya makaa. Kufika saa sita wazee wa Kiminini walikuwa wamekaa uwanjani, ng'ombe wameshaangaliwa, na harufu imewashika. Baba yake Nekesa, Mzee Barasa, alikuwa mtu wa mzaha.

"Huyu kijana anatupikia ama anatuchomea boma?"

"Ngoja baba, utalamba vidole," nikamjibu.

"Vidole nimekuja navyo kumi. Kikipungua kimoja naongeza ng'ombe."

Watu wakacheka. Baba yangu alicheka mpaka akapangusa macho. Sijawahi kuwa mkubwa kama nilivyokuwa dakika ile. Nikafungua mfuniko, nikatoa nyama, nikaiweka kwenye sinia. Niligeuka kurudisha mfuniko, ndipo nikaona. Joto lilikuwa limebandua rangi. Maganda ya bluu yalikuwa yananing'inia ubavuni, na chini yake mstari mwekundu umetoka nje kama ulimi.

Nikasimama mbele ya pipa kuufunika kwa mwili wangu, kama mtu anayeota moto, na jua la saa sita linanichoma kichwani. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Mzee Kamau alikuwa amekuja kukaa upande wetu, kama baba yangu wa kazi. Alikuwa ameuona ule mstari kabla sijauziba. Akainuka, akaja na fimbo yake polepole, akasimama kati yangu na sinia. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kijana. Pipa hili lilikuwa la nini?"

Nikatazama watu. Baba. Mama mlangoni mwa jikoni. Wazee wa Nekesa wameshanawa mikono. Nikiwaambia ukweli, msichana nimemkosa na jina la baba limezikwa. Nikinyamaza, wataenda kwao na sumu tumboni. Hesabu hiyo haikuhitaji shule, na bado niliikosa.

"La mafuta, mzee."

Akatikisa kichwa, kukubali. Akachukua kisu, akakata pande la mbavu, akapaza sauti kila mtu asikie. "Wazee wenzangu, mnisamehe. Kazi ya mwanafunzi, mwalimu wake huonja kwanza. Huyu ameniambia pipa ni la mafuta, na neno lake linanitosha."

Akainua mkono. Hakuharakisha. Macho yake hayakuniacha. Nyama ikapita kifua, ikapita kidevu, akafungua mdomo.

"Usile!"

Sijui nilivyoruka. Nilimpiga mkono mtu aliyenipa mkate, nyama ikaanguka, mbwa akaikimbilia, na Mzee Kamau akaikanyaga kwa kiatu kabla haijaliwa. Hapo, mbele ya wote, nikasema: lilikuwa la dawa ya mbegu, lilikuwa na fuvu, nililikwangua.

Wazee wakavuta viti nyuma, mbali na sinia. Mwishowe Mzee Barasa akasema, bila mzaha sasa, "Na kama huyu mzee angekaa kwa kiti chake?"

Nikaishika sinia, nikaiondoa mbele yao.

"Mtu wa kutulisha sisi sumu," akasema, "msichana wangu atamlisha nini?"

Baba hakunipiga. Heri angenipiga. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akapita kwa wageni mmoja mmoja akiomba msamaha, mzee wa miaka yake, kwa kosa ambalo hakulifanya. Mama naye akashika jogoo. Wageni walikula kuku, jua limeshapinda. Wakaondoka bila kutaja siku ya kurudi.

Mimi na Mzee Kamau tulichimba shimo mbali na kisima, tukaifukia nyama yote, mguu mzima na mbavu. Halafu tukalipasua lile pipa kwa shoka na nyundo lisije likabeba kitu tena, hata kwa mkono wa mtu asiyejua. Nililia nikigonga. Nilipopata pumzi nikamuuliza:

"Mzee, uliuona ule mstari. Kweli ungekula?"

Hakuinua kichwa. "Uliniambia ni la mafuta," akasema, akaendelea kugonga.

Nimelitafuna jibu hilo maisha yangu yote. Kama alikuwa ananipima, alinipima kwa uhai wake. Kama aliniamini, basi ni vibaya zaidi.

Mwaka mzima wazee wa Nekesa hawakurudi. Kila mwezi nilienda Kiminini kusalimia Mzee Barasa, nakaa nje, narudi Kitale. Mwezi wa nane akanitolea kiti. Mwisho wa mwaka akaniambia, "Tutakuja. Lakini tutakula kuku." Nekesa ndiye mama wa watoto wangu. Hadi leo pipa likishushwa mlangoni, hata la maji, anatoka jikoni na mwiko mkononi: "Baba, hili lilikuwa la nini?" Mzee Kamau tulimzika miaka mingi baadaye, amekula chumvi ya kutosha. Jeneza nilibeba mbele, kulia.

Sasa shika nasaha, nazisema wazi usije ukadai nilikuficha. Ukitaka pipa la moshi, tafuta lililobeba chakula, na usikie hivyo kwa mdomo wa mtu aliyemwaga kilichokuwamo. Lililobeba sumu liache. Pipa hilo halina toba, si kwa moto wala kwa sabuni. Hata lile zuri, lichome kwa moto mkali mpaka rangi ya ndani na ya nje iishe na chuma kibaki uchi, ndipo ulisugue, ulipake mafuta ya kupikia, uliwashe mara moja bila nyama. Wavu wa bati la kung'aa, lile la zinki, usiweke karibu na moto, mvuke wake ni mbaya. Kuni za mti wa saiprasi zitaitia nyama uchungu. Choma magunzi, ama mpera. Moto mdogo, haraka weka kando, mwenda pole hajikwai.

Hayo ni ya pipa. Ya mtu ni haya: anayekula kwa mkono wako amekukabidhi tumbo lake, na hawezi kuona ulichopaka rangi. Wewe ndiye jicho lake. Ukikosea, sema mapema, nyama ikiwa bado mbichi na aibu ikiwa ya watu wawili. Aibu ya mapema inakaushwa na jua la siku moja. Usingoje mzee aweke roho yake mdomoni ndipo ukweli ukutoke. Mimi nilipata Kamau. Wewe huenda usipate.

Nenda kajenge, mwanangu. Moshi wako upande mnyoofu. Wageni wako warudi kwao salama, na warudi tena kwako na njaa. Mkono wako usiwahi kujua kitu ambacho mdomo wako unaogopa kukisema. Na siku mzee yeyote atakapokuuliza pipa lako lilikuwa la nini, Mungu akupe kumjibu mara ya kwanza.