Jina la Tatu la Timu ya Reli

Timu ya reli hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, imebadili jina mara mbili. Babu aliichezea ikiwa na jina lililochaguliwa na Wazungu. Baada ya uhuru ikapewa jina la upepo mkali wa ziwa, na kaka yangu akawa kipa wake.

Walikuwa wanakwenda kucheza mjini Moba boti ilipopinduka. Wavuvi waliokoa wengi. Wachezaji watatu hawakuonekana tena, kaka akiwa mmoja wao. Hatukupata mwili wa kuzika.

Mjini watu walianza kunong'ona kwamba jina ndilo lililowaita vijana majini. Mimi ni mshonaji, basi prezida wa timu akaniletea gunia la jezi.

"Toa ile jina, Mama, ushone hii ya mupya. Muntu hawezi kuita upepo kila siku ya Mungu, kisha ashangae ukikuja."

Nilifumua nyuzi siku mbili. Kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua, ila chini ya herufi rangi ilibaki nzito, na jina la zamani likasomeka vizuri kuliko mwanzo. Nikashona jipya juu yake. Jezi moja ya kaka ilikuwa imebaki nyumbani. Nilipomwomba mama yetu anipe, aliikumbatia.

"Hii hapana. Mutoto akirudia, atatafuta ekipe yake kwa jina gani?"

Nikamwachia, nikarudi kwenye cherehani.

Mechi ya kwanza, Mama alikwenda kuketi nyuma ya goli. Wapinzani walipopata kona, alisimama akaita jina la zamani, kwa sauti ile ile aliyomwitia kaka aje kula. Kisha mama mwingine, ambaye mwanawe alipotea katika boti ile, akaita pia. Nilitaka wanyamaze, na nilitaka wasinyamaze. Kipa mpya akaruka, akaudaka mpira.

Jioni kipa huyo alikuja kwetu, vumbi bado miguuni.

"Mama, pale mulipoita, nilisikia muntu anasogea karibu yangu. Niliogopa. Lakini njo yeye alinionyesha upande wa kuruka."

Mama hakulia. Alimwekea ugali tunaouita bukari, na samaki, akamuuliza kama mama yake yu hai.

"Yuko, Mama. Kule Kongolo."

"Basi usipande boti bila kumuaga."

Karatasi zote za timu sasa zina jina jipya. Nyuma ya goli wale mama wawili huita la zamani, na prezida ameacha kuwakataza. Mimi hukaa upande wa pili wa uwanja, mbali nao. Naogopa siku moja kaka ataitika.