Mtani Wangu Aliponionea Huruma

Kwetu, upande wa Matombo, ndugu hawamchimbii ndugu yao kaburi. Ndugu wanakaa chini wanalia. Kuchimba ni kazi ya watani, watu wa ukoo mwingine ambao sisi tunawazika wao na wao wanatuzika sisi tangu enzi za mababu. Nao hawachimbi kimyakimya. Baba yangu alipofariki, mtani wangu, mwashi wa ng'ambo ya mto, alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea kama yeye na kufoka kama yeye. Mama, aliyekuwa amekataa chakula, alicheka mpaka akaomba uji.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mungu hakumpa mtu mmoja vyote. Aliyefiwa amempa machozi, mtani amempa jembe na kicheko, na hakuna anayejizika mwenyewe hata awe fundi namna gani. Mimi na mtani wangu ndivyo tulivyo hata tukiwa wazima. Yeye ana besi inayotikisa madirisha ya kanisa, lakini hajui wimbo unaanzia wapi. Mimi najua mwanzo wa kila wimbo, sauti ndiyo sina. Kwa hiyo kwenye kwaya tunasimama bega kwa bega, namkanyaga mguu, anaanza.

Mwaka juzi nilipata uvimbe tumboni. Kila Jumatano ya Majivu nilikuwa nikipakwa majivu, nakumbushwa kuwa mimi ni mavumbi, naitika vizuri, kisha narudi kupalilia migomba yangu. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naitikia kwa niaba ya wengine! Daktari wa Morogoro mjini aliposema lazima nipasuliwe, na kwamba hatajua kilichomo mpaka afungue, nilijua sasa nimeitwa mimi mwenyewe. Niliogopa waziwazi, bila aibu. Niliogopa harufu ya dawa wodini. Niliogopa hata manesi walipocheka mambo yao pale mlangoni.

Asubuhi ya kupasuliwa mtani wangu akaja, viatu vimejaa tope la milimani. Nilifurahi kumwona, maana nilijua atakalosema. Tangu ujana wetu alikuwa hajawahi kunisalimia kistaarabu. Nikiugua malaria husimama mlangoni na kupaza sauti: "Bado tu? Mwenzio nimeshanoa jembe!" Basi nikajiweka sawa kitandani, nikasubiri tusi langu.

Akaketi taratibu, akanishika mkono.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Mungu ni mwema."

Ndugu yangu? Tangu lini? Basi daktari amemwambia, nikawaza. Wote wanajua, nimebaki mimi tu. Akatoa chungwa mfukoni, akaanza kunimenyea, kisha akakumbuka kwamba sikuruhusiwa kula, akabaki nalo mkononi.

"We mtani, mbona hunitanii? Umeambiwa nini?"

"Sijaambiwa kitu."

"Unaniongopea. Nakufa?"

Akatazama mlangoni. Jitu zima, lenye viganja kama koleo, likaanza kuligeuzageuza lile chungwa.

"Haki ya Mungu sijaambiwa kitu. Ila njia nzima nimetafuta maneno ya kukutania, hayaji. Nimekuja kukuomba mapema. Ukifa, asinitegemee mtu kwenye kaburi lako. Wachimbe wengine. Mimi nitakaa chini na ndugu zako, nilie."

Sijawahi kupendwa hivyo, na sijawahi kuogopa hivyo. Mtani aliyekataa kunizika alikuwa ameniacha peke yangu na kifo, bila hata mtu wa kukifanyia mzaha. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Manesi wakaja na kitanda cha magurudumu, wakanisukuma, nami nikawa nasali sala yenye maneno mawili tu: Bwana, bado. Yeye alitembea pembeni yangu mpaka walipomzuia.

Uvimbe haukuwa wa kuua. Nilirudi kwenye migomba yangu, naye akarudi kwenye matusi yake mara tu nilipoanza kunywa uji. Hatukulizungumza tena lile la wodini. Wanaume wa umri wetu hawajui pa kuliweka neno kama lile.

Jumapili iliyopita, tukipanda kilima kutoka kanisani, alisimama njiani. Akashika kiuno, akahema. Tukaenda kidogo, akasimama tena. Kilima kile alikuwa akikipanda na mfuko wa saruji begani huku anaimba. Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumshika mkono na kumwita ndugu yangu, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini nikamwona ananitazama usoni, ananisoma, anasubiri kusikia nitasema nini, na kusubiri kule nakujua tangu wodini.

"Tembea wewe!" nikafoka, hata watoto wa kipaimara waliotutangulia wakageuka. "Kama ni kufa, kafie bondeni! Nani atakubeba na kitambi hicho kwenye kilima hiki?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Na mimi nikacheka naye, nimempa mgongo, asipate kunisoma usoni.